Habari za Swichi ya Kifurukwe

Katika nchi ninayoisimulia, mtu akiunguliwa na nyumba hupiga simu zimamoto, na mazungumzo huwa hivi.

"Habari za huko?"

"Nzuri."

"Za watoto?"

"Wazima wote, wanakusalimu."

"Na kazi?"

"Tunasukuma siku. Ila nyumba inaungua."

"Pole sana. Ya kwako au ya jirani?"

Ndipo gari hutumwa. Msiwacheke. Ni watu wa adabu, na adabu yao imo katika katiba, kwenye kifungu cha mwanzo kabisa, kabla hata mipaka ya nchi haijatajwa: habari mbaya haiitangulii nzuri. Mtoto aliyevunjika mkono husema kwanza kwamba ule wa pili hauna neno. Anayeleta taarifa ya msiba huanza kwa kusifu mvua. Na kwa kuwa kila mwananchi anaujua utaratibu huo, hakuna anayedanganyika. Nzuri husikilizwa kwa sikio moja, kisha watu huvuta pumzi na kungoja ila, maana habari yenyewe imo humo.

Jina la nchi silitaji. Wenyewe hawapendi kutajwa wakiwa mezani, na viongozi wao huwa mezani muda mwingi.

Nchi hii ilipoingia katika maendeleo ilinunua swichi. Msomaji ambaye hajawahi kuiona swichi ya mtandao asihangaike. Ni kisanduku cha chuma chenye safu ya matundu, kila tundu lina waya, na kila waya unatoka kwenye kompyuta. Kompyuta zikitaka kusemezana hupitia humo. Kisanduku kikifa, jengo zima linakuwa bubu. Kwa hiyo Serikali ikajenga, katika mji mkuu, Kituo cha Taifa cha Kuzijulia Hali Swichi, jumba la vioo lenye ukuta mzima wa taa, na kila swichi nchini ikawa na taa yake ukutani.

Mkurugenzi wa Kituo alikuwa Injinia Burhani Kitojo. Alikuwa amesoma ng'ambo akarudi na shahada, koti zito la baridi ambalo hakulivaa tena, na desturi ya kunywa chai bila sukari. Alikuwa mtu mwema kiasi na mwoga kiasi, kama mimi na wewe.

Enzi hizo, kuiunganisha swichi moja na Kituo ilikuwa kazi sawa na kuoza binti. Kwanza ilitafutiwa mshenga, ofisa wa cheo cha kutosha, kwa sababu chombo cha wilaya hakiwezi kusema na chombo cha taifa bila mtu wa kati. Kisha ngoma, kisha hotuba, kisha utepe, kisha wali. Mwisho kabisa, watu wakishanawa mikono, fundi aliachwa na swichi faragha. Aliiandikia anwani ya Kituo, akaipa neno la siri ili isije ikamjibu mtu baki, akaifundisha maswali ambayo ingeulizwa: joto lako likoje, umeme unaupata, feni inazunguka, matundu yanapumua? Tangu hapo Kituo kiliiuliza kila mara, "Habari?" nayo ikajibu kama mwananchi mwema, "Nzuri, ila nina joto," au, "Nzuri, ila panya amekula waya." Ila ikisikika, taa hugeuka nyekundu na fundi hupanda pikipiki.

Burhani ndiye aliyezifundisha mashine kujibu hivyo, na alijivunia jambo hilo kuliko shahada yake. Mambo yote ya kabla ya fundi aliyachukia, hasa ngoma.

Sasa siku moja Waziri wa Nyaya, Mheshimiwa Daktari Filimoni Tumbuizo, alileta wageni kuuona ukuta. Wageni walitazama wakapenda. Mmoja akauliza zile nyekundu ni za nini.

"Ni swichi zenye ila," alijibu Burhani.

"Na zinasema mbele za watu?" aliuliza Waziri kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa wageni.

Kesho yake Burhani aliitwa ofisini kwa Waziri, kwenye zulia.

"Injinia, wilaya zinalalamika," alisema Waziri. "Kuiunganisha swichi moja kunamaliza msimu wa mvua. Nataka utaratibu urahisishwe."

Moyo wa Burhani uliruka kwa furaha. Alikuwa ameingoja siku hiyo miaka mingi. "Mheshimiwa, tuanze na mshenga. Mshenga aondoke."

"Mshenga ni mila."

"Basi hotuba."

"Hotuba ni sera."

"Utepe, Mheshimiwa?"

"Utepe ni mimi," alisema Waziri. "Hebu niambie, katika shughuli yote hiyo, kigumu hasa ni kipi?"

Burhani alikuwa msomi, akajibu ukweli. "Kigumu ni kuifundisha swichi kujibu."

"Inajibu nini?"

"Inasema nzuri, ila kadha wa kadha."

"Zote huanza na nzuri?"

"Zote, Mheshimiwa. Ndiyo adabu."

Waziri akajiegemeza kitini, akafumba macho kama mtu aliyeonja mchuzi na kukuta umekolea. "Sasa jibu tunalo, tunauliza la nini? Mtu mzima hamsumbui mwenzake kwa swali ambalo jibu lake analo mfukoni. Kituo kiwe kinajiandikia nzuri chenyewe. Swichi iachwe ipumzike."

Burhani alifungua kinywa. Ila alikuwa nayo, tena nene, imekaa kwenye ncha ya ulimi. Lakini Waziri alikuwa amekwisha kutaja, kwa kupitia tu, kwamba kiti cha Katibu Mkuu kiko wazi na kinahitaji mtu mwenye fikra nyepesi.

"Wazo zuri, Mheshimiwa," alisema Burhani, na ile ila akaimeza pamoja na chai isiyo na sukari. Aliona haya. Lakini haya ya ofisini hupoa upesi kukiwa na kiyoyozi.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mpango wa Nzuri ya Moja kwa Moja. Kuiunganisha swichi kukawa jambo la kupendeza: mshenga, ngoma, hotuba, utepe, na mkasi ukilia tu, Bi. Leokadia, mama mpole aliyeketi mbele ya ukuta kule Kituoni, anabonyeza kitufe na taa inawaka kijani. Fundi hakuhitajika. Mafundi walihamishiwa kwenye kushika ncha za utepe, kazi ambayo wengi waliiweza.

Wilaya zilipanga foleni. Wilaya moja ya mpakani ilijieleza kwa unyenyekevu kwamba haijanunua swichi bado, je, inaweza kuunganishwa? Suala lilikaliwa kikao, na ikaonekana kwamba katika mpango mzima hakuna mahali swichi inapohitajika. Ikakatiwa utepe, ikawaka kijani. Kwa kweli wilaya zisizo na swichi ndizo zilizofanya vizuri zaidi: hazikupata joto, na panya hawakuwa na cha kutafuna.

Ili kuulinda ufanisi huo ikatungwa sheria, na aliyeiandika kwa mkono wake ni Burhani: fundi yeyote asiguse swichi yenye taa ya kijani, kwa kuwa kumtibu mzima ni kumtafutia ugonjwa. Atakayeigusa atakuwa amehujumu taifa. Kila swichi ikawekewa mlinzi wa kuilinda dhidi ya mafundi.

Mpango ulipendwa hata na wasiokuwa na nyaya. Shule ziliuchukua, mahakama zikauchukua. Wananchi nao waliuzoea bila kujua. Mtu akishasikia nzuri, masikio yake yanajifunga yenyewe.

Burhani naye masikio yake yalijifunga. Mama yake, Bi. Mwanahawa, alikuwa akiishi Kifurukwe, mji mdogo wa milimani wenye hospitali na ukungu. Alipiga simu wakati mwanawe yuko kikaoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Za huko?"

"Nzuri tu. Kuku wameanza kutaga. Ila..."

"Alhamdulillahi mama," alisema Burhani, akakata.

Siku ya pili akapiga tena. Nzuri, mvua imenyesha, ila. Burhani akashukuru kwa ajili ya mvua, akakata. Hakuwa na dharau kwa mama yake, msimfikirie vibaya. Alikuwa amesikia nzuri, na nzuri ilimtosha.

Siku ya tatu aliyepiga ni Daktari Mponda wa hospitali ya Kifurukwe.

"Habari, Injinia?"

"Nzuri, Daktari."

"Huku pia nzuri. Mama yako mchangamfu kweli, amewachekesha wodi nzima..."

Kidole cha Burhani kilikuwa tayari kwenye kitufe. Kikasita. "Wodi gani?"

"Ya upasuaji. Ila utumbo umejisokota, Injinia, na mahali ulipojisokota ni pabaya. Siwezi kukata mpaka daktari bingwa wa mji mkuu aione picha. Na picha haiendi. Swichi yetu imekufa tangu kiangazi. Tumesema mpaka tumechoka, na Kituo chako kinatujibu kwamba ni nzima."

Burhani alikimbilia kwenye chumba cha ukuta, mwenyewe, kwa miguu, bila kuomba kutambulishwa.

"Bi. Leokadia, Kifurukwe iko wapi?"

"Hiyo hapo juu ya dirisha, Mkurugenzi. Kijani. Tena nzuri sana, wiki hii nimeipangusa vumbi."

"Imekufa."

Bi. Leokadia aliutazama ukuta kwa huruma. "Ya kufa hatuna taa, Mkurugenzi. Tulikuwa nayo nyekundu, lakini hakuna swichi inayoiitikia siku hizi."

"Mtume fundi."

"Fundi haendi kwenye kijani. Ni sheria." Akashusha sauti, kwa heshima. "Sheria yako, baba. Ina sahihi yako, na ni sahihi ya kupendeza."

Burhani alichukua gari, na sanduku la zana alilokuwa akilitumia ujanani, akapanda milima.

Bi. Mwanahawa alikuwa amelala kitanda cha karibu na mlango, uso umemchongoka kwa maumivu, kilemba kimefungwa vizuri. Vitanda vya jirani vilikuwa na wenzake, mmoja ana nyonga, mwingine ana kifua, wote wanangoja picha zao zisafiri.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," alisema Bi. Mwanahawa. "Kila nikifika kwenye ila unanikatia."

Burhani alipiga magoti sakafuni. Hakujali suruali. "Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Ila nenda kafanye kazi yako."

Chumba cha swichi kilikuwa mwisho wa ukumbi. Kisanduku kilining'inia ukutani kikiwa kimevishwa maua ya plastiki, na kipande cha utepe wa uzinduzi bado kinaning'inia begani. Taa zake hazikuwaka hata moja. Manyigu walikuwa wamejenga nyumba za udongo ndani ya matundu, familia kubwa, inayoishi kwa amani. Mbele yake, kwenye kigoda, aliketi mlinzi, Mzee Kachenje, rungu magotini.

"Karibu mkubwa. Habari za safari?"

"Nzuri. Nataka kuitengeneza hii."

"Hii nzima, mkubwa. Nimewekwa hapa kuilinda na watu wa kuitengeneza."

"Mimi ndiye Injinia Kitojo. Hiyo sheria niliiandika mimi."

"Basi adhabu unaijua," alisema Mzee Kachenje. Akamtazama Burhani, akatazama upande wa wodi, akakuna kidevu. Kisha akainuka polepole, akaokota ndoo. "Mimi nakwenda kuteka maji. Nikirudi nikakuta umeigusa, nitakukamata, ndiyo kazi yangu. Ila kisima kiko mbali, na miguu yangu si ya zamani."

Burhani alikunja mikono ya shati. Aliwatoa manyigu kwa bisibisi, nao wakamlipa palepale, mmoja kwenye pua na wengine shingoni. Akapuliza vumbi, akaikwangua feni, akachomeka waya wa umeme uliokuwa umechomolewa ili mtu apige pasi suruali yake. Swichi ikakohoa, ikawaka. Kule kwenye chumba cha picha Daktari Mponda akabonyeza, na utumbo wa Bi. Mwanahawa ukaanza safari ya kwenda mji mkuu.

Sasa picha ya utumbo ni nzito, na swichi ile ilikuwa mgonjwa aliyetoka kufufuka. Burhani aliogopa. Ikizimika katikati ya safari, nani atajua? Kule Kituoni taa itabaki kijani hata jengo likiporomoka. Hapo ndipo alipofanya lile ambalo vidole vyake vilikuwa havijalisahau. Aliiandikia swichi anwani ya Kituo, akaipa neno la siri, akaifundisha tena yale maswali. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Hakukuwa na mshenga wala ngoma, na pua yake imevimba kama ndizi mzuzu. Alicheka peke yake, kwa uchungu, kwa sababu urahisi alioutafuta miaka yote ndio huo, na alikuwa ameusaini uuawe.

Kituo, kilipoona kuna wa kujibu, kikauliza, kwa mara ya kwanza tangu Mpango uanze, "Habari?"

Na swichi ikajibu.

Mji mkuu, muda huohuo, Waziri Tumbuizo alikuwa mbele ya ukuta na wageni wapya waliokuja kujifunza. Ukuta ulikuwa kijani kama shamba la mpunga. Ghafla juu ya dirisha ikawaka nyekundu. Bi. Leokadia, ambaye hakuwa amesoma jibu la swichi kwa muda mrefu, alisahau kwamba kuna wageni, akasoma kwa sauti:

"Nzuri, ila nina joto. Nzuri, ila feni inakwaruza. Nzuri, ila matundu ya chini yamejaa udongo. Nzuri, ila nilikuwa nimekufa, na hakuna aliyeuliza."

Mmoja wa wageni, mzee mwenye miwani, akasema, "Kumbe hii ndiyo inayofanya kazi."

"Hapana," alisema Waziri, jasho likimtoka, "hiyo ndiyo yenye matatizo. Nyingine zote hazijasema neno." Akaamuru mhujumu akamatwe.

Hakukuwa na haja ya kuamuru. Picha ilikuwa imefika, bingwa ameiona, Daktari Mponda ameambiwa akate wapi, na Bi. Mwanahawa yuko chumba cha upasuaji, wakati Mzee Kachenje aliporudi na ndoo iliyojaa pomoni.

"Habari za kazi, mkubwa?"

"Nzuri, mzee wangu."

"Nashukuru kusikia," alisema mlinzi, akiweka ndoo chini. "Ila uko chini ya ulinzi."

Kesi iliwekwa mahakama kuu, maana taifa lilikuwa limehujumiwa. Usiku wa kuamkia kesi hiyo haukuwa na lolote, Burhani alilala fofofo. Ni asubuhi, kabla ya kupandishwa kizimbani, ndipo Waziri alipomjia mahabusu akiwa na kopo la asali, dawa ya kuumwa na manyigu.

"Injinia, tusifike mbali. Mahakama siku hizi nayo ina Nzuri ya Moja kwa Moja. Mshtakiwa anaulizwa habari, neno lake la kwanza ndilo utetezi wake wote. Sema nzuri kama kila mtu. Jaji ataandika kwamba huna lalamiko, nami nitaandika kwamba ulikuwa umechoka. Kiti cha Katibu Mkuu bado hakijakaliwa."

"Na Kifurukwe?"

"Kifurukwe itarudishwa kijani leo hii. Mtu wangu yuko njiani, ana utepe mpya."

"Ile swichi itazimwa isiseme."

"Itapumzika," alisema Waziri. "Mama yako si ameshapona? Waliobaki si mama zako."

Burhani alimfikiria mwenye nyonga, na mwenye kifua, na picha zao.

Ukumbi wa mahakama ulijaa. Bi. Mwanahawa alikuwa benchi la mbele, mshono bado mbichi, mikono imelishika tumbo, kilemba kimefungwa vizuri. Daktari alimkataza kusafiri. Alimjibu kwamba amesikia vizuri, ila anakwenda.

Mwendesha mashtaka hakupoteza muda. Kabla ya mshtakiwa kufika Kifurukwe, taa ilikuwa kijani. Alipoondoka, ilikuwa nyekundu. Alipokea swichi nzima, akaiacha mgonjwa. Ushahidi uko ukutani, wa rangi mbili, hata asiyejua kusoma anauona. Watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko, maana kwa kweli hoja ilikuwa haina pa kuipingia.

Jaji, mama wa makamo mwenye sauti ya kuchoka, aliinua uso. Alikuwa ameendesha kesi nyingi kwa utaratibu mpya na zote zilikwenda haraka. Wafungwa wote wa nchi hiyo walikuwa wameingia gerezani wakiwa wazuri.

"Habari, mshtakiwa?"

Karani alikuwa amekwisha kuandika nzuri, akawa anangoja tu kuweka nukta.

Burhani alimtazama Waziri, aliyekuwa akimtikisia kichwa cha kukubali kwa upole wa mzazi. Akamtazama mama yake. Bi. Mwanahawa hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Alikuwa amevuta pumzi na kungoja, kama walivyokuwa wakingoja watu wa zamani.

"Ila," alisema Injinia Burhani.

Kalamu ya karani ilianguka. Katika historia yote ya nchi ile hapakuwa na mtu aliyewahi kuanza hivyo, wala mwizi, wala mlevi, wala mwenye nyumba inayoungua. Mwendesha mashtaka alisimama kupinga, akakuta hajui anapinga nini, akakaa. Waziri akasema jambo kuhusu katiba, na mtu wa nyuma akamwambia, "Shh."

Maana ukumbi mzima ulikuwa umejisogeza mbele kwenye mabenchi. Ilikuwa imepita miaka hawajasikia kinachokuja baada ya neno lile, na hawakuwa wamejua mpaka saa hiyo jinsi walivyokuwa na njaa nacho. Askari mmoja alikwenda kimya kimya akafunga dirisha ili kelele za barabarani zisiingie.

Jaji alivua miwani. Akavuta kiti chake mpaka ukingoni mwa meza, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Ila nini, mwanangu?" aliuliza.